Sista Chelagat na Moyo Unaovuma

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuwahudumia wagonjwa, Sista Salina Chelagat, msimamizi wa Kliniki ya Moyo hapa Kitale na katika tawi letu la Bungoma, anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni mwaka huu. Hakuna refu lisilo na ncha. Kamati ya jarida iliniomba mimi wa duka la dawa nimwandikie kwa sababu, walisema, ndimi niliyegombana naye mara nyingi kuliko wafanyakazi wengine wote, na mtu hujulikana vizuri zaidi na yule anayegombana naye. Sikupinga. Nilikwenda kumwarifu Sista, naye akaniambia niandike ninachotaka ila nisimfanye malaika, kwa sababu ndugu zake wa Saboti watasoma na kucheka.

Basi ndugu wa Saboti, mtulie. Huyu dada yenu ni mkaidi, hajui kuimba ingawa huimba, na chai yake huitia sukari vijiko ambavyo hangemruhusu mgonjwa hata kuviota. Alizaliwa huko kwenu, miteremkoni mwa Elgon, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na viazi. Alisomea uuguzi, akaanza kazi katika wodi ya akina mama wajawazito, na wako watu wazima mjini Kitale, wengine wenye ndevu, ambao bado huwaambia kwamba ndiye aliyewapiga kofi la kwanza maishani.

Alipohamishiwa wodi ya wagonjwa wa ndani, alikuta watu ambao sisi wengine tulikwisha kuwazoea. Miguu imevimba, pumzi fupi, usiku wanalala wameketi kwa sababu wakijinyoosha wanahisi kuzama. Moyo umechoka, hausukumi tena damu inavyotakiwa. Wanatolewa maji mwilini, wanarudi nyumbani wakitabasamu, kisha baada ya wiki chache wako mlangoni tena, hadi siku wasiyorudi. Sista aliumia sana kuwajua kwa majina watu wa namna hiyo. Alisema hospitali imekuwa kama stendi, watu wanapita tu, na hakukubali.

Dawa zipo, na daktari yupo, lakini mgonjwa wa moyo anatakiwa ajipime uzito kila asubuhi, maana maji yakianza kujaa mwilini, uzito ndio hutoa habari mapema. Nani Trans-Nzoia ana mizani chumbani? Sista akaona jibu lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Kila kituo cha biashara kina duka la kununulia mahindi, na kila duka lina mizani ya magunia. Alizunguka kuwabembeleza wanunuzi, na tangu hapo asubuhi ungekuta wazee kwa akina mama wamepanga foleni na magunia, kila mmoja akipanda kwenye mizani kwa zamu yake. Mzee mmoja wa kule Saboti alilalamika kliniki kwamba mnunuzi alimkagua kichwa hadi miguu, akamwambia hajakauka vizuri. Tulicheka, lakini vifo vilipungua, na Daktari Kipsang, bingwa wetu wa moyo, huwaeleza wageni wote habari ya mizani ile kana kwamba aliibuni yeye.

Kuhusu chumvi sitasema mengi. Waliowahi kutembelewa jikoni na Sista Chelagat wanajua. Aliwahi kuonja mboga ya mgonjwa mbele ya wakwe zake, akaimwaga, akaomba sufuria nyingine na kupika upya.

Lakini jambo linalonifanya niandike kwa fahari ni habari ya Abdikarim Adan. Wengi mnamjua, ni yule muuza viatu wa Bungoma mwenye mkoba mweusi begani. Alipokuja kwetu mara ya kwanza hakuweza kutembea kutoka getini hadi kliniki bila kupumzika mara mbili. Dawa zote tulimpa, nikiwa mimi ndiye niliyezihesabu, na moyo wake ukaendelea kudhoofika. Daktari Kipsang alimweleza yeye na mkewe Fardosa kwamba limebaki jambo moja, nalo halifanyiki hapa kwetu: kuwekewa pampu. Ni chombo kidogo cha chuma kinachoshonewa kwenye moyo wenyewe. Kinavuta damu kutoka kwenye moyo uliochoka na kuisukuma mwilini. Waya wake hutokea tumboni na kuingia kwenye kisanduku kinachokiongoza, na kisanduku hicho hutumia betri mbili zinazobebwa kwenye mkoba. Betri zikiisha, pampu husimama, na pampu ikisimama, mwenye pampu hana muda. Watu wa misikiti na makanisa ya Bungoma na Kitale walifanya harambee, na Abdikarim akapelekwa India. Hospitali ilimtuma Sista aende naye ajifunze.

Wenzake walimwagiza vitambaa na bangili. Alirudi na pampu ya mfano, betri zake na mkoba wake, bangili hata moja hakuna. Kisha akafanya jambo lililowafanya wengine wamwombee. Alijibandika waya ule tumboni kwa plasta, akabeba mkoba, na kwa wiki nzima akaishi nao. Alikuja nao kazini, akaenda nao sokoni, akapika nao, akalala nao. Siku ya pili waya ulinaswa na kitasa cha mlango wa stoo yangu, na kama ungekuwa wa kweli tungemzika. Alikaa chini akafikiri sana. Wiki ilipoisha alikwenda Bungoma nyumbani kwa Abdikarim na bisibisi, akang'oa vitasa vyote vinavyochomoza, akapiga misumari ya ukutani ikazama. Fardosa alitazama nyumba yake ikibomolewa na mgeni, akamletea chai. Walianza urafiki siku hiyo.

Likabaki tatizo la umeme, na hili hakuna mkaazi wa Bungoma anayehitaji kuelezwa. Betri za akiba zilikuwepo, lakini nazo huisha. Hapo ndipo Sista alipojitanda leso kichwani, akaenda msikitini kwa Abdikarim kumwona imamu, maana alikuwa amesikia adhana siku ambayo mtaa mzima hauna umeme. Mwenye adhana ana betri, alisema. Kweli msikiti ulikuwa na mtambo wa jua wa kuendeshea vipaza sauti. Imamu alikubali chaja ya Abdikarim ikae pale, na kanisa la mtaa wa pili likajitolea jenereta lake mawingu yakizidi. Kwa hiyo moyo wa muuza viatu huyu umekuwa ukisukumwa na waumini wa pande mbili, na hakuna aliyewahi kuuliza ni zamu ya nani.

Akiwa kwenye baraza ya msikiti ule ndipo alipokutana na Mzee Huzaifa. Kazi ya Mzee Huzaifa, mbali na duka lake la vipuri vya baiskeli, ni kuosha maiti. Akifariki mwanamume wa Kiislamu Bungoma, huitwa yeye, na huitwa haraka, maana kwao maiti haikawizwi. Aliyefariki asubuhi huzikwa kabla ya jua kutua. Sista alimtazama mzee huyu, akaona hatari ambayo hakuna kati yetu wasomi wote aliyekuwa ameiona.

Nieleze. Moyo wa kawaida hupiga, na ndiyo maana ukishika mkono wa mtu unahisi mapigo. Pampu haipigi. Inazunguka tu mfululizo, na damu hupita bila kuruka. Ukimshika mkono Abdikarim, mara nyingi hutapata kitu. Mashine ya kupimia shinikizo la damu nayo mara nyingi hushindwa kusoma. Sasa mwangushe mtu wa namna hiyo katikati ya wasiomjua, azimie, mikono iwe baridi. Atashikwa mkono na kusemwa amekufa. Na akisemwa amekufa, atapelekwa kwa watu wema wenye haraka ya kumsitiri, ambao jambo la kwanza watakalofanya kwa heshima ni kumvua alivyovaa na kuondoa kila kilichofungwa mwilini. Watachomoa waya. Watamwua kwa ibada.

Sista akataka kumfundisha Mzee Huzaifa kusikiliza vifua. Jamani, kulikuwa na mvutano. Daktari Kipsang alisema tufundishe wauguzi na madereva wa ambulensi, waosha maiti hawamo katika mpango wa hospitali. Imamu aliona ni kisirani kumfundisha mwosha maiti juu ya mtu aliye hai, tena anayeswali safu ya mbele. Mwenyewe Mzee Huzaifa aliudhika. Alimwambia, kwa lafudhi yake ya Bungoma, "Sista, si mimi huitwa wakati nyinyi mmemaliza? Sasa unataka nianze kukagua kazi yenu?" Sista akamjibu maneno ambayo leo yamebandikwa kwenye ukuta wa kliniki yetu: "Mzee, daktari anaweza kukosea. Mimi pia naweza kukosea. Wewe ndio wa mwisho, wewe usikosee."

Baada ya swala Mzee alimwita Abdikarim barazani, akainama, akaweka sikio kifuani pake. Ndani kulikuwa na mvumo mdogo usiokatika, kama friji iliyo chumba cha pili. Abdikarim alimwuliza, "Mzee, naona unanipima mapema?" Wote wakacheka isipokuwa Sista, ambaye alikuwa ameshika brashi na rangi nyeusi. Aliomba ruhusa, naye Huzaifa mwenyewe akaichukua brashi na kuandika namba ya simu ya Sista kwenye ukuta wa chumba cha kuoshea, tarakimu kubwa kama za duka. Kutoka hapo Sista alikwenda kwa wahudumu wa mochari, kwa wazee wa mazishi wa makanisa, hadi Matulo kule karibu na Webuye. Kila mahali alikaribishwa kwa mashaka, na kila mahali alisema jambo moja: usiguse waya, sikiliza kifua.

Halafu ikaja siku ya soko Sirisia. Abdikarim alikuwa ameharisha siku mbili bila kumwambia mtu, si Fardosa ambaye alikuwa amesafiri Kitale, si Sista. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Maji yakiisha mwilini pampu hukosa damu ya kutosha kusukuma, nayo kengele yake hulia. Alikuwa amepanga viatu vyake juani alipoanguka. Kengele ililia, watu wakadhani ni simu. Walimbeba hadi zahanati ndogo ambayo sitaitaja, na mhudumu aliyekuwa peke yake siku hiyo akashika mkono, hakuna kitu. Akafunga mashine, mashine ikakataa kusoma. Pumzi ilikuwa ndogo mno, na chumba kilikuwa na watu wengi na kelele. Akatikisa kichwa. Wafanyabiashara wenzake Waislamu, waliomjua tu kama muuza viatu mwenye mkoba, wakamfunika kikoi, wakamweka kwenye pikapu yao, wakampeleka msikitini kwake Bungoma. Hawakugusa mkoba wala waya, kwa sababu waliona si adabu kumpekua marehemu. Njiani walipiga simu. Vijana wakaenda makaburini na majembe. Wanawake wa mtaa wakateka maji, wakabandika masufuria.

Mzee Huzaifa aliingia chumba chake na wasaidizi wake, na ndoo zilikuwa zimekwisha kujazwa. Alitaja jina la Mungu, akanyoosha mkono kwenye mkanda, na mkono ukakutana na mkoba. Wasaidizi wake wamenisimulia sehemu hii kila mmoja kwa wakati wake, na hawajatofautiana. Mzee alisimama. Akawaambia wote wanyamaze, hata waliokuwa nje waambiwe wanyamaze. Akainama, akaweka sikio kifuani, akakaa hapo. Kisha akainuka, akarudisha kikoi taratibu hadi mabegani, usoni hakukirudisha, akasema, "Huyu si wangu. Huyu ni wa Sista."

Alisoma namba ukutani na kupiga. Sista alikuwa hapa, mbele ya dirisha langu, tukibishana kuhusu vidonge. Niliona uso wake ukibadilika, lakini sauti haikubadilika. Alimwambia Huzaifa ainue miguu ya mgonjwa, afungue mfuko wa pembeni atoe betri za akiba, abadilishe moja kwanza, asubiri, ndipo abadilishe ya pili, kamwe asizitoe zote mbili pamoja. Mzee aliyezoea vipuri vya baiskeli alifanya hivyo kwa uangalifu uliozidi, anasema mwenyewe, ule wa siku alipomwosha baba yake. Ian, muuguzi wetu wa tawi la Bungoma, alifika na maji ya kutundika, akayafungulia mle mle chumbani, juu ya meza ile ile. Chupa ya kwanza ilipokuwa inakaribia kwisha, Abdikarim alifumbua macho, akamtazama Mzee Huzaifa aliyemwinamia, akatazama dari, akaelewa alipo. Swali lake la kwanza lilikuwa viatu vyake vimeachwa na nani.

Sista alifika kutoka Kitale pamoja na Fardosa. Fardosa aliingia, akaweka kiganja kifuani pa mumewe, akausikia mvumo, ndipo akalia. Sista alimpima mgonjwa, akampima tena, kisha akamgombeza kuhusu kuharisha kwa maneno ambayo hayafai kuchapishwa katika jarida la hospitali. Vijana waliitwa kutoka makaburini wafukie walichochimba. Chakula kilikuwa kimekwisha kuiva, na kwa kuwa si vizuri kumwaga chakula, kililiwa, na sahani ya kwanza akapewa marehemu mwenyewe. Sista alikionja kwanza. Akasema kina chumvi, lakini siku hiyo tu anamruhusu.

Tangu hapo hakuna mtu aliyeuliza waosha maiti wanahusikaje na hospitali. Daktari Kipsang aliiandika njia ya Sista katika mwongozo wetu, na sasa kila mwenye pampu anayeishi upande huu, nao ni zaidi ya mmoja, anaporudi nyumbani, wanaofundishwa ni familia yake, jirani yake mwenye umeme, na wale watakaokuja kumwosha au kumvalisha siku akifa. Kuna wageni waliotoka mbali kuja kujifunza hilo. Walitegemea kuona mashine. Sista aliwapeleka kwenye baraza ya msikiti, kisha kwenye mizani ya mahindi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Wiki iliyopita alifanya kliniki yake ya mwisho Bungoma. Nilikwenda kwa kisingizio cha kupeleka dawa. Abdikarim alikuwa wa mwisho kuitwa, nadhani kwa makusudi. Sista alikagua kidonda cha waya, akauliza uzito wa kila asubuhi, akauliza chumvi, akapata jibu la uongo na kulikataa. Kisha akaweka kifaa chake cha kusikilizia kifuani pa Abdikarim na kukaa hapo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kitabibu. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji. Alisema, "Inavuma vizuri. Enda nyumbani."

Baadaye alimchukua Ian, atakayeshika nafasi yake, wakaenda pamoja msikitini, kwa sababu kwake kukabidhi kazi si kukabidhi funguo. Mzee Huzaifa aliwapokea. Alimwambia Ian kwamba katika maisha yake ameitwa kwa wanaume wengi sana, na amewasalimia wote kwa heshima kabla ya kuwagusa, lakini ni mmoja tu ambaye kila Ijumaa humrudishia salamu. Halafu akaandika namba ya Ian ukutani chini ya ile ya Sista. Ian aliuliza kama ile ya juu ifutwe sasa. Mzee alifunga kopo la rangi, akasema hiyo itakaa.

Kwa niaba ya duka la dawa, wodi zote, madereva, wapishi uliowanyima raha, na kila mgonjwa aliyepimwa pamoja na mahindi, asante, Sista Chelagat. Tumejivunia kufanya kazi nawe, hata zile siku ulizonikera. Rudi Saboti ukalime, ukaimbe kanisani bila kukatazwa, unywe chai yako ilivyo. Namba yako imebaki ukutani kule Bungoma, na kwa hiyo tunakutakia lile jema kubwa tunaloweza kukutakia: simu isiyolia.

Pauline Wamboi, Duka la Dawa, Kitale